Mvua ya Tukuyu

Watanzania wengi wamepita Rungwe bila kufika. Basi la kutoka Dar es Salaam likifika Uyole, kabla ya kuingia Mbeya mjini, hukunja kushoto kuifuata barabara ya Malawi. Kufikia hapo abiria wamechoka na wengi wamelala. Wanakuja kushtuliwa na joto la Kyela, wanafungua madirisha, wanaulizana kama mpaka wa Kasumulu bado ni mbali. Walichokipita usingizini ni volkano iliyolala, misitu ya mvua, maziwa yaliyojaa ndani ya vinywa vya volkano za kale, na mji mdogo wa Tukuyu, ambao kwao ni jina tu la mahali zinakotoka ndizi, zile zinazoshushwa Mahakama ya Ndizi kule Mabibo.

Barabara yenyewe inastahili macho. Haizidi kilomita 130 toka Uyole hadi Kyela, lakini ndani ya umbali huo unapanda safu ya Uporoto hadi zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, unashukia Tukuyu penye mita kama 1,600, kisha unaporomoka hadi mita 500 karibu na Ziwa Nyasa. Usihesabu kilomita, tazama mashamba. Juu kule Uporoto ni viazi mviringo na pareto, na kando ya lami magunia yameshonwa kwa mtindo wa lumbesa, vichwa vimevimba kuliko viwiliwili. Ukishuka kidogo viazi vinaachia chai, chai inaachia migomba na kahawa, na migomba inakusindikiza hadi uone kakao na mpunga. Mkulima wa Isongole aliyevaa koti zito na mkulima wa Kyela aliyevua shati wanaweza kukutana saa mbili baadaye kwenye mnada mmoja.

Vitabu vya wageni hushauri kwenda kati ya Juni na Oktoba, wakati wa kiangazi, njia zikiwa kavu. Kwa viatu vyako ni ushauri mzuri. Kwa Rungwe yenyewe nina mashaka nao, kwa sababu mvua ndiyo iliyoifanya nchi hii. Upepo wa kusini-mashariki hupita juu ya Ziwa Nyasa ukibeba unyevu, unagonga ukuta wa milima ya Livingstone na Mlima Rungwe, unalazimika kupanda, unapoa, na kumwaga mzigo wote hapo hapo. Miteremko ya kusini-mashariki ya mlima hupata hadi milimita 3,000 kwa mwaka. Dar es Salaam, ambako tunalalamika mafuriko kila masika, hupata zaidi kidogo ya 1,000. Machi na Aprili ndiyo miezi mizito, ila hata Julai hukosi manyunyu ya asubuhi na ukungu unaoshuka bila kuaga. Mimi ningekwambia nenda Mei mwishoni: mvua inaondoka lakini haijafunga mizigo, mito imejaa, na kijani kimekolea hadi kinachosha.

Kuna sababu nyingine ya kutaka mvua, nayo ndiyo kiini cha sura hii. Rungwe hufichwa. Unaweza kukaa Tukuyu siku kadhaa na usiuone mlima wenye mita zipatazo 2,960 ulio nyuma ya nyumba uliyolala. Mtalii aliyefuata picha atanung'unika. Aliyekubali kukaa barazani na wenyeji, kikombe cha chai ya maziwa mkononi, atagundua kwamba karibu kila jambo kubwa linalojulikana leo kuhusu nchi hii lilisimuliwa kwanza, likaja kuonwa na kupimwa baadaye.

Chukua Ngosi. Ni ziwa la kreta ambalo mara nyingi hutajwa kuwa la pili kwa ukubwa wa aina yake Afrika, lenye urefu wa kama kilomita mbili na nusu, ndani ya kinywa cha volkano katika safu ya Uporoto. Safari huanza Isongole. Bodaboda inakusogeza hadi ukingo wa msitu, kisha unamfuata mwongozaji kwa miguu. Njia ni ya udongo mweusi wa majivu ya volkano, unaoteleza vibaya sana ukilowa; nunua gambuti sokoni, acha raba zako nyeupe hotelini. Msitu umejaa migomba mwitu isiyozaa ndizi za kuliwa na kangaga ndefu kama miti, na kila tawi limevaa kuvu na kuvumwani. Mwisho unapanda kwa mikono na magoti, na ghafla ardhi inaisha. Chini yako ni shimo kubwa lenye kuta za msitu na maji ya kijani kibichi.

Au ni weupe mtupu. Siku nyingi ukungu umekaa ndani ya kreta, na watu waliotembea saa nzima na zaidi wanasimama ukingoni wakitazama pasipoonekana kitu. Usiondoke. Upepo ukigeuka, pazia linaweza kufunguka kwa dakika chache na kufungwa tena. Wakati mnasubiri, mwongozaji atakueleza habari za maji yanayobadili rangi, za nguvu zilizomo ziwani, na kwa nini waganga waliupanda mlima. Ukiwa mtu wa sayansi utatabasamu. Lakini wanajiolojia nao wanasema Ngosi si ziwa tulivu kama linavyojionyesha: kwa kipimo cha miamba, mlipuko wake wa mwisho ulikuwa juzi tu, na chini yake bado kuna joto la kutosha kwa TGDC, kampuni ya serikali ya kuendeleza jotoardhi, kuliweka miongoni mwa miradi yake ya kuzalisha umeme. Nguvu zilizomo ziwani, basi, si hadithi ya kuchekwa.

Moto huo una sababu ya kijiografia. Rungwe imekaa kwenye makutano ya Bonde la Ufa, pale ambapo tawi la Rukwa, tawi la Nyasa na bonde la Usangu hukutana. Ardhi iliyovutwa pande tatu imepasuka mara nyingi. Mlima Rungwe ulilipuka kwa kishindo miaka 4,000 hivi iliyopita, ukamwaga majivu na mawe mepesi hadi mbali. Jirani yake Kyejo alimwaga lava kiasi cha miaka 200 tu iliyopita, na hapa ndipo hoja yangu inapopata mguu: tarehe hiyo haikutoka maabara. Ilitoka kwa wazee, ambao mababu zao waliuona mto wa moto, wakawasimulia watoto, watoto wakawasimulia wajukuu, hadi wanajiolojia walipofika na madaftari yao.

Majivu hayo ndiyo yaliyoleta watu. Udongo mpya wa volkano, mvua ya kupindukia na baridi isiyoua migomba: ni nadra vitu hivyo kukutana mahali pamoja. Mskoti Joseph Thomson alipopita mwaka 1879 akielekea Ziwa Tanganyika, aliisifu nchi ya Wanyakyusa kwa maneno ambayo hakuyatumia sana kwingine: vijiji visafi, nyumba za mianzi zilizofumwa kwa ustadi, migomba iliyopangwa. Mwaka 1891 wakaja wamisionari Wajerumani wa aina mbili karibu kwa wakati mmoja, Wamoravian na wale wa Misheni ya Berlin, wakagawana eneo. Misheni ya Moravian pale Rungwe bado ipo, na Jumapili kwaya zake huimba kwa sauti nne bila kusaidiwa na kinanda wala kukihitaji.

Serikali ya Kijerumani ilianzia chini ziwani, kwenye kituo alichokianzisha Hermann von Wissmann mwaka 1893 na kukiita Langenburg. Malaria ikawashinda. Wakahamia milimani na kulibeba hata jina: Tukuyu ikawa Neu Langenburg, yaani Langenburg Mpya, hadi Waingereza walipoingia kutoka Nyasaland mwezi Mei 1916. Jina la Kijerumani likaondoka na wenyewe. Leo mji una kata ziitwazo Bulyaga, Makandana, na hata Bagamoyo, ingawa bahari iko mbali mno. Ni mji wa mteremko: kila safari ya dukani ina kupanda na kushuka, na maji ya mvua yana mitaro yao inayonguruma kando ya watembea kwa miguu. Sijauona kuwa mji mzuri wa majengo. Uzuri wake uko sokoni, asubuhi, wakati mikungu ya ndizi inaposhushwa na maparachichi yanamwagwa kwa rundo, mengine ya kienyeji, makubwa, laini, na mengine ya Hass, madogo na magumu, yanayosubiri magari ya kuyasafirisha nje. Nunua ya kienyeji.

Kula mbalaga pia, ndizi zilizopikwa kwa maharage au nyama, na usiulize kama zina ladha ya Kichaga au ya Kihaya. Utaulizwa umetoka wapi na kama kwenu hufundishwa adabu.

Adabu yenyewe haina ugumu. Sema mugonile unapokutana na mtu mzima, na ndaga fijo unaposhukuru, usikimbilie swali lako. Mzee wa kiume ni tata, mama ni juba. Wanyakyusa wana historia ya kuchukulia mambo haya kwa uzito usio wa kawaida. Zamani walikuwa na desturi iliyowashangaza wasomi duniani: vijana wa kiume wakifika umri wa miaka kumi hivi walihama nyumbani na kujenga kijiji chao cha marika, wakaishi humo pamoja, baadaye wakaoa humo humo, na wakazeeka wakiwa majirani wale wale. Kijiji kilikuwa cha watu wa rika moja badala ya ukoo mmoja. Moja ya sababu ilikuwa heshima ya ukwe: mke hakupaswa hata kukutana uso kwa uso na baba mkwe wake, na usalama wa jambo hilo ni kukaa mbali.

Tunayajua haya kwa kirefu kwa sababu ya mke na mume, Monica na Godfrey Wilson, wanaanthropolojia waliofanya utafiti hapa kati ya 1934 na 1938. Kitabu cha Monica kuhusu vijiji hivyo, *Good Company*, kilitoka mwaka 1951 na bado kinasomwa vyuoni. Jina ambalo halisemwi sana ni la Leonard Mwaisumo, Mnyakyusa aliyekuwa karani na mtafiti wao, aliyeandika, kutafsiri na kuuliza maswali ambayo Mzungu asingejibiwa. Kila nikiona kitabu hicho rafuni, namfikiria yeye akiwa na kalamu ndani ya nyumba ya mianzi, mvua ikipiga juu.

Masoko, kusini-mashariki ya Tukuyu, ndipo pa kwenda siku ngome ya ukungu ikikaza huku juu, kwa kuwa pako chini zaidi na hali ya hewa huko ina huruma. Ziwa ni la mviringo karibu kamili, upana wake ni kama mita 700, limezungukwa na miti, na halina mto unaoingia wala unaotoka. Ukingoni Wajerumani walijenga ngome. Watu wa hapo watakuambia kwamba vita vilipowazidi, Wajerumani walitupa majini hazina yao, na tangu hapo wapiga mbizi wamekuwa wakitoka na sarafu. Usishangae kijana akikufuata na kiganja kilichojaa heller za shaba. Nyingine ni za kweli. Bei yake pia ni ya kweli kwa maana kwamba itabidi mzungumze.

Lakini hazina iliyowapeleka wanasayansi Masoko ni ya aina nyingine, na kwangu ina thamani kuliko sandarusi la rupia. Kwa kuwa maji hayatoki, kila kilichodondoka ziwani kimebaki chini, tabaka juu ya tabaka. Watafiti walitoboa tope hilo, wakasoma humo kumbukumbu ya tabianchi ya zaidi ya miaka 40,000: miaka ya ukame, miaka ya mvua, na mistari ya majivu kila mara mlima ulipokasirika. Halafu kuna samaki. Ziwani mna samaki wadogo wa jamii ya sato, na mwaka 2015 jarida la *Science* lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba wamo katika harakati za kugawanyika kuwa aina mbili. Madume ya pwani, kwenye maji mafupi yenye mwanga, ni ya manjano. Yale ya kina kirefu, kwenye giza, ni ya buluu. Wamekuwa wakitengana kwa kati ya miaka 500 na 1,000, muda ambao kwa mageuzi ya viumbe ni mfupi ajabu. Darwin alilazimika kufika Galapagos. Wewe unapanda kosta Tukuyu.

Mvuvi wa mtumbwi hahitaji jarida kujua kwamba mshipi mfupi humletea samaki wa rangi moja na mshipi mrefu wa rangi nyingine.

Daraja la Mungu nitalipita haraka, maana limeelezwa sana na lina mabango ya kutosha. Ni mwamba uliojivukia wenyewe Mto Kiwira. Lava ilipotiririka juu ya bonde, sehemu ya juu ilipoa na kukaza, kama utando wa uji, na chini yake mto ukapata njia. Mahali panapoitwa Kijungu, karibu na hapo, ndipo pananivutia zaidi: Kiwira, mto mzima, unabanwa na mwamba, unazunguka kwenye shimo, unapotea chini ya ardhi na kuibuka mbele. Pako ndani ya eneo la chuo cha magereza, kwa hiyo unajiandikisha getini na kueleza shida yako kwa askari kabla ya kwenda kuona maji. Mwongozaji atakuonya usisogee. Msikilize.

Volkano hiyo hiyo inafanya kazi nyingine usiyoitegemea. Kaboni dayoksaidi hupanda kutoka chini ya Kyejo kupitia nyufa, na katika Rungwe kampuni ya TOL Gases huivuna kutoka kisimani, huisafisha na kuiuza kwa viwanda vya vinywaji. Yaani mapovu yanayokuchoma pua unapokunywa soda Temeke yaweza kuwa yametoka tumboni mwa mlima usioujua. Sehemu nyingine gesi hiyo hujikusanya bondeni bila rangi wala harufu, ikaua ndege na wanyama wadogo wanaoingia, na wenyeji wanayajua mabonde ya kuepuka.

Nimemwacha kipunji hadi hapa kwa makusudi. Mapema mwaka 2003 watafiti wa Shirika la Uhifadhi wa Wanyamapori, WCS, waliokuwa Rungwe chini ya Tim Davenport, walikuwa wakiwauliza wawindaji na wazee kuhusu wanyama wa msituni. Wakatajiwa nyani mmoja mwenye haya, aitwaye kipunji, anayekaa juu kabisa ya miti. Wanyakyusa husimulia wanyama wengi, wengine wa kuonekana na wengine wa kuogopwa tu, kwa hiyo watafiti hawakujua wamweke kundi gani. Kabla mwaka haujaisha walikuwa wamemwona: manyoya ya kahawia yenye kijivu, kishungi kilichosimama wima kichwani, mashavu yenye ndevu ndefu, na mlio mzito wa kukohoa na kubweka kwa pamoja ambao hakuna nyani mwingine aliyejulikana kuutoa. Mwaka uliofuata kundi lingine la watafiti likamkuta katika msitu wa Ndundulu, Udzungwa, zaidi ya kilomita 300 mbali.

Ulimwengu ulitangaziwa habari hiyo mwaka 2005. Mwaka 2006, baada ya uchunguzi wa vinasaba na mifupa ya kipunji mmoja aliyekufa kwenye mtego shambani, akapewa jenasi yake peke yake, Rungwecebus. Jenasi mpya ya nyani barani Afrika haikuwahi kutangazwa tangu mwaka 1923. Magazeti yaliandika kwamba kipunji amegunduliwa. Ningependa kumsikia mwindaji wa Rungwe akisomewa habari hiyo.

Hesabu iliyochapishwa mwaka 2008 ilionyesha kipunji 1,117 tu duniani. Za baadaye zimeonyesha ongezeko, na ulinzi ndio uliosaidia: Kitulo, uwanda wa juu wenye maua unaopakana na misitu ya Livingstone, ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na msitu wa Mlima Rungwe ukawa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2009. Ukitaka kumtafuta, toa taarifa mapema, pata kibali na mwongozaji anayeijua misitu, na ujiandae kurudi umesikia sauti tu huko juu ya majani. Wengi hurudi hivyo.

Tatizo lake kubwa liko mahali ambapo mgeni hasimami kupiga picha. Kati ya msitu wa Mlima Rungwe na ule wa Livingstone kuna ukanda mwembamba uitwao Bujingijila. Zamani ulikuwa msitu uliounganisha pande mbili. Ukakatwa kwa mbao, mkaa na mashamba, na kipunji, ambaye hapendi kushuka chini, hana daraja la kuvukia. Wahifadhi wamekuwa wakipanda miti huko kwa miaka, na jamii za jirani zimeshirikishwa kulinda miche. Mti wa msitu wa mvua hauna haraka. Hadi matawi yashikane, kipunji wa upande mmoja hawezi kumfikia mwenzake wa upande wa pili, na mkulima wa viazi aliye katikati naye ana watoto wa kusomesha na udongo mweusi usiohitaji mbolea nyingi.